Kwa Ouma, Kuhusu Mguu wa Homa Bay

Omera, ndugu yangu,

Barua zako zote ulisomewa. Za kanisa, za hospitali, hata ile ya waandaaji wa mbio: mtu alikaa karibu nawe akasoma kwa sauti, nawe ukainamisha kichwa na kusema, "Rudia hapo." Hii nitakusomea mwenyewe, kando ya kaburi lako, kabla jua halijatua na Sabato kuingia. Leo hutaweza kuniambia nirudie, kwa hivyo nitajaribu kuandika wazi mara moja.

Niko kwako Kosele. Nimekalia ile stuli yako ya kusokotea kamba, hapa mlangoni. Mke wako, Mama Atieno, yuko jikoni anamaliza mapishi ya kesho. Hajaniambia mengi tangu mchana. Alichana karatasi kwenye daftari la shule la Atieno, akanipa na kalamu, akasema, "Mimi umeshaniambia. Sasa mwambie mwenyewe." Akarudi jikoni.

Basi nakuambia. Naona aibu, Ouma. Aibu ya kushindwa kuangalia watu usoni, mimi ambaye uliniita macho yako.

Mambo huku yamebadilika kidogo tu. Atieno amerefuka, amempita mama yake. Lile duara lako hapa uani limeanza kuota nyasi. Ile nguzo uliyojifunga kamba na kukimbia ukiizunguka, siku ambazo mimi nilikuwa mbali Osiri kwenye mashimo ya dhahabu, bado iko. Mbuzi amefungwa hapo sasa. Nimemwangalia akizunguka, nikageuza stuli nikaangalia upande mwingine.

Mimi bado niko Osiri, bado naponda mawe. Asubuhi nikiweza nakimbia, lakini mkono wangu wa kushoto haujui pa kukaa. Miaka yote hiyo ulishika kamba ya kukuongozea mbioni, sasa unaning'inia tu. Juzi nilijikuta nimesema "jiwe, kulia" kwa sauti, na hakukuwa na mtu kando yangu. Mwanamke aliyebeba maji aliniangalia akavuka barabara.

Unakumbuka Ogwedhi? Mimi nilikuwa nimeleta ng'ombe wa baba yangu sokoni, wewe ulikuwa umekaa na kamba zako za mkonge unauza. Ndama akakata kamba, nikamfukuza soko zima mara mbili mpaka nikamkamata. Niliporudi kununua kamba nyingine ulisema, "Wewe Mkuria, una pumzi nzuri. Unafukuza tu ng'ombe, ama hata watu unaweza kukimbia nao?" Nilidhani unanichokoza. Ukanieleza kwamba ulikimbia shuleni kabla presha ya macho haijakumaliza, na tangu hapo hujapata mtu wa kukushikia kamba ambaye hachoki kabla yako. Ukanipa ile kamba bure. Wewe Mjaluo, mimi Mkuria, wewe Msabato, mimi Mkatoliki, na Kiswahili chetu cha sokoni ndicho kilitutosha.

Kamba yetu ya kukimbilia uliisokota mwenyewe, fupi, laini, yenye vitanzi viwili. Ulisema mkonge wa kawaida ungenichubua mkono nikaanza kulalamika kama bibi arusi.

Kwako mbio zilikuwa ibada, nami nilizoea. Kwenye kupanda ulikuwa unaimba, kwenye kuteremka unaomba, na kwenye tambarare ndipo tuliruhusiwa kupiga gumzo. Mbio za Jumamosi ulikataa zote, hata waandaaji walipokubembeleza. Za Jumapili ulikubali, na mimi nikikosa misa ulinicheka njia nzima, kwamba Jumapili yangu nimeiuza na Sabato yako hujaiuza. Siku moja nilikuuliza huogopi kukimbia hivyo kwa kasi bila kuona unakoenda. Ukasema, "Mimi nakimbia na wawili nisiowaona, wewe na Yesu. Anayenipa wasiwasi ni wewe." Nilicheka mpaka tukapoteza hatua.

Ulikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi.

Sasa nafika Homa Bay. Unajua yaliyotokea kuliko mtu yeyote, lakini Mama Atieno amesema nikuambie, kwa hivyo sitaruka.

Mwaka mzima ulijiandaa kwa zile mbio. Wa kwanza miongoni mwa wasioona angeitwa kambi ya taifa, na kila mtu Kosele alijua ni wewe. Ulizunguka nguzo yako alfajiri mpaka majani yakaisha. Ukinipigia simu unauliza, "Chacha, leo umekimbia?" Nami nikiwa nimelala kibandani, mgongo umekauka kwa kazi ya shimo, nilikujibu nimekimbia. Nilidhani miguu ya mtu haisahau. Nilidhani nitakuja tu siku ile na pumzi itakuwepo.

Tuliwaongoza wenzako wote mpaka kile kilima kirefu. Hapo pumzi ikaniisha. Siyo kuchoka, Ouma, unajua. Niliishiwa kabisa, magoti yakawa hayanitii, na kamba ikakaza kwa sababu sasa wewe ndiye uliyekuwa unanivuta. Sheria ilikuwa wazi: mwongozaji akitoka, na mkimbiaji wake ametoka. Wale wa meza ya maji wakaanza kutuangalia. Nikasubiri unitukane. Ungekuwa wewe ndiye uliyeishiwa, mimi ningekutukana.

Ukapunguza mwendo. Ukainama, ukashika shavu la mguu wako, ukasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mguu wangu umekaza. Mtupishe tutembee kidogo." Halafu ukaniinamia sikioni, ukanong'ona, "Ndugu yangu, Mungu hajakuleta hapa akuache njiani. Nishike mkono." Tukatembea. Wenzako wakatupita mmoja mmoja, na kila mmoja alipopita uliuliza ni nani, nami nikakutajia. Tulimaliza karibu mwisho kabisa. Ulipoulizwa pale mwishoni ulisema tena ni mguu. Nikasimama kando yako nikatikisa kichwa kukubaliana, na ni wewe tu hukuniona.

Nyumbani ulisema hivyo hivyo. Ukamwacha Mama Atieno akukande mguu mzima kwa mafuta kila jioni, ukiguna pale alipobonyeza. Ulinisimulia kwenye simu tukacheka. Mimi pia nilicheka. Nilijiambia huo ni utani wenu wa nyumbani, haunihusu.

Baadaye mwaka huo ukaanguka. Kiharusi, daktari alisema. Mkono na mguu wa upande mmoja, halafu maneno, halafu ukaenda. Nilikuja kukuzika na watu wakanipisha mbele kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa macho yako.

Kosa langu la sasa ndilo hili. Kanisa lako lilifanya ibada ya kukukumbuka Sabato wiki mbili zilizopita, na mzee wa kanisa akanialika nitoe ushuhuda. Nilikuwa nimepanga kusema machache na kukaa. Nilianza na Ogwedhi, watu wakacheka. Nikasema ile ya wawili usiowaona, wakasema amina. Ile amina ilinipanda kichwani, nakuapia. Mdomo ukaanza kukimbia peke yake. Nikafika kwenye kilima, na badala ya kuruka, nikasema, "Pale Ouma alishindwa. Mguu ulikaza, akataka kukata tamaa. Nikamwambia, ndugu yangu, Mungu hajakuleta hapa akuache njiani. Nishike mkono."

Kanisa zima likasema amina. Mama mmoja alilia.

Nilichukua hata maneno yako, Ouma. Kisingizio cha mguu ulinipa wewe mwenyewe, kwa hilo ningeweza kujitetea. Lakini maneno niliyachukua kanisani, mbele ya mke wako na mtoto wako, na wewe huna mdomo tena wa kunirudishia. Nikakaa chini nikiwa nimeridhika, na hilo ndilo linaniuma zaidi ninapolikumbuka. Kwa muda mfupi niliamini kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya ibada tulikula hapa nyumbani. Mama Atieno aliniletea sahani yangu mwenyewe, akakaa kando yangu. Akasema polepole, "Asante kwa kusema. Sasa nimejua nilikosea wapi." Nikamuuliza amekosea nini. Akasema, "Ule mguu ndio ulikuwa mwanzo wa kiharusi. Ulimkaza Homa Bay, mpaka akataka kukata tamaa, mtu ambaye hajawahi kukata tamaa. Mwanamke mwingine angempeleka hospitali. Mimi nikampaka mafuta."

Nilipaswa kusema hapo hapo. Nilisema, "Usijilaumu, mama, ni mipango ya Mungu." Mungu nikamweka mbele kama mtu anayejificha nyuma ya mlango. Nikanawa mikono nikaondoka, nikarudi Osiri, na wiki mbili sikulala vizuri. Kila nikifumba macho namsikia akisema mafuta.

Nilijaribu kuomba. Rozari ilikuwa mkononi na hakuna neno lililotoka. Nilijaribu kukimbia, na kila kilima kidogo kilinirudisha Homa Bay. Mwishowe nilifikiria wewe ungefanya nini, na jibu halikuwa gumu: ungeinama, ungemwambia. Ila wewe ungemfikiria yule wa kuokolewa tu. Mimi nilikuwa na mtu wa kumwokoa na bado nilikuwa najihesabia aibu yangu.

Basi leo nimekuja. Nilishuka Oyugis nikakimbia kilichobaki, kamba yetu mfukoni, kwa sababu niliogopa kwamba nikibebwa mpaka mlangoni nitapata njia ya kubaki ndani ya gari. Nilimkuta Mama Atieno akichambua mchele. Sikungoja chai. Nilimwambia yote, kuanzia simu nilizokudanganya mpaka amina ya kanisani. Mikono yake ilisimama kwenye ungo.

Halafu akauliza, "Kwa hivyo siku ile alikuwa mzima?"

Nikamwambia ulikuwa mzima kabisa. Nikamwambia ungeshinda.

"Mguu haukuuma hata kidogo?"

Hata kidogo.

Akaweka ungo chini, akaenda akasimama pale kwenye nguzo, akainama akagusa udongo wa duara lako kwa kiganja. Kisha nikasikia anacheka. Anasema kwa Kijaluo, halafu kwa Kiswahili ili nielewe, "Wiki mbili nilikanda mguu mzima wa mtu huyu. Na alikuwa anaguna." Akacheka mpaka akakaa chini, na cheko likageuka kilio, na mbuzi akasogea mbali naye. Sikujua kama nimkaribie. Nilibaki nimesimama kama mti wa mpaka.

Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Aliniangalia kwa hasira, na ilikuwa haki yake. Akasema, "Mimi umenitua mzigo. Lakini kanisa zima linamjua baba ya Atieno kama mtu aliyetaka kukata tamaa. Atieno pia anamjua hivyo. Hilo ni wewe uliliweka, na ni wewe utakayelitoa." Nikampa kamba, nikamwambia ibaki kwake, sistahili kuwa nayo. Hakuipokea. Akasema, "Kaa nayo. Kesho uje nayo kanisani, watu waione ina vitanzi viwili."

Kwa hivyo kesho nitasimama pale pale. Nimeogopa mashimo yaliyobomoka, nimeogopa ng'ombe dume wa Ogwedhi, lakini sijaogopa kitu kama ile mimbari yenu ndogo. Nikifikiria nyuso za wale waliosema amina natamani kukimbilia Tanzania. Atieno atakuwa mstari wa mbele na mama yake. Anajifunza baba yake alikuwa mtu wa aina gani, na mpaka sasa mwalimu wake ni uongo wangu.

Jua limeshuka nyuma ya mikaratusi. Mama Atieno ananiita nije tukusomee kabla Sabato haijaingia. Amevua aproni, amemshika Atieno mkono. Mtoto bado hajui tunakwenda kusoma nini, ataanza kujua hapo kaburini, na kesho atasikia tena mbele ya watu wote.

Lala vizuri, omera. Asante kwa kile kilima. Naahidi mbele yako, na mbele ya yule mwingine uliyekimbia naye bila kumwona, kwamba kesho sitaanza na Ogwedhi wala utani wowote. Nitainua kamba, niwatazame, na neno la kwanza litakuwa hili: mguu ulioshindwa ulikuwa wangu.

Chacha