Mabega ya Mtu wa Ngazini

Kwako dada,

Sisi huku tu wazima, ila jino langu bado linanisumbua. Kazi ni ileile: mimi na mwenzangu, Mnene, tunakaa chumba cha kamera za duka kutazama migongo ya watu. Tuna mchezo wetu. Mmoja anachagua mtu kwenye kioo, mwingine anasema anawaza nini. Bingwa ni mimi, si unanijua kwa umbea!

Juma lililopita Mnene alirudisha picha za asubuhi, akasimamisha kwa mtu anayepanda ngazi. "Huyu je?"

"Huyu anamkimbia mtu anayemwonea haya," nikasema. "Hebu tazama mabega."

Mnene akacheka mpaka kiti kikatoa mlio. "Bingwa, shati hilo si ndilo ulilovaa?"

Dada, siku zote nimeamini kwamba mtu akisema "mimi" hawezi kukosea anayemsema. Nani mwingine anijue kwa ndani? Asubuhi ile nilimwona baba mlangoni pa duka, kandambili zimefungwa waya, akiniulizia kwa wauzaji. Nilimwona vizuri kabisa. Nikajiambia taa ya juu imeungua, nikapanda kuiangalia. Niliamini, wallahi. Aibu ilikuwa yangu, nami sikuijua mpaka nilipoiona kwenye mgongo wa mtu niliyedhani simjui.

Taa ilikuwa inawaka.

Umeniandikia kwamba baba hakunikuta kazini, eti anasikitika kunisumbua. Nilikuwepo, dada. Usinitetee kwake. Jumapili nakuja kumwambia mwenyewe.

Ni mimi,
mdogo wako