Kiwanda cha Makombo

3 Februari

Kitindamimba wangu,

Hujambo mwanangu? Huko kwenye Kituo cha Mwongozi wanakupa nafasi ya kupumua, au ni tanuri asubuhi mpaka jioni? Huku sote wazima isipokuwa mguu wangu, na huo nao usikutie wasiwasi. Kidonda cha kidoleni ni kilekile. Sukari inapanda na kushuka kama mpangaji msumbufu, nimeshaizoea.

Kifurushi kimefika. Nilipofungua nikakuta kipande cha mkate kimeumwa, alama za meno ya Mwongozi zinaonekana kabisa, nililia. Baba yako alipokufa nilitaka kumfuata, na ni Mwongozi aliyenifundisha kuamka alfajiri, kukaa kimya na kuvuta pumzi kwa jina la Mungu. Leo makombo ya sahani yake yako mezani kwangu! Sehemu nimekula. Sehemu nimeiloweka nikaikamulia kidondani. Pembe yenye meno nimeihifadhi kwenye kitambaa cheupe.

Muuguzi aliponifungua bandeji alinigombeza mbele ya watu kama mtoto aliyejikojolea. Binti wa juzi, hana adabu. Siendi tena kwake kusafishwa.

Nitumie kingine, mama.

Mama yako

20 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, nakula, nalala. Jirani yako je, bado anaazima chumvi kwako bila kurudisha?

Mama, nakuomba urudi kwa muuguzi. Mkate ni wa kula, si wa kupaka. Kipande kingine sina kwa sasa. Tangu Desemba nimetolewa kwenye tanuri, niko chumba cha ndani, na kazi ya humo tumeapishwa tusiisimulie. Kukaa alfajiri bado nakaa kama ulivyonifundisha. Hapa hilo ndilo jema lililobaki.

Kaoshwe mguu na yule binti, hata kama hana adabu.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi niko, nashukuru.

Barua yako imenichoma. Tangu lini yai likamfundisha kuku? Mimi nilimjua Mwongozi wewe ukiwa bado unavaa sare za shule. Akisema makombo yake ni baraka, wewe mkandaji wa unga ni nani uniambie niyapake au nisiyapake?

Kidonda sasa kinanuka kidogo. Jirani anasema nzi wameanza kunifuata, lakini najua ni uchafu unatoka. Nimebandika kile kilichobaki cha kuloweka, kimekwisha. Tuma kipande kikubwa.

Mama yako

19 Machi

Mama,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali kwa sababu umeshaniambia. Hiyo harufu si uchafu unatoka, ni nyama inaoza. Keti kwanza ndipo usome.

Mwongozi hali mkate. Tumbo lake halitaki ngano. Anakunywa supu chumbani kwake, bakuli moja, na bakuli linarudi jeupe. Wanaopanga foleni kupokea makombo yake ni mia nne kwa siku, wa posta bado. Sasa makombo yatoke wapi? Yanatoka kwetu. Tuko wanawake sita kwenye benchi, kila mmoja na sinia yake ya mikate, tunauma. Unauma, unaweka, unauma, unaweka, kisha unapaka mchuzi kwa kidole ili ionekane kuna mtu alikuwa anakula. Kumeza hatuwezi, tungepasuka, kwa hiyo kuna ndoo ya kutemea. Ikifika mchana ndoo imejaa mate na mkate uliotafunwa, na zamu yangu ikifika ndimi wa kuimwaga. Anayeketi kulia kwangu ana vidonda mdomoni. Aliomba kupumzika, msimamizi akamwambia aume kwa upande mwingine. Huyo msimamizi hupita akikagua meno kwenye mikate kama mwalimu anayesahihisha madaftari. "Tonge hili dogo mno, Mwongozi si panya." Wenzangu hucheka. Hata mimi nimecheka, Mungu anisamehe.

Usiseme Mwongozi hajui. Alikuja mara moja, akasimama mlangoni na leso puani, akasema, "Imani yao ndiyo inayowaponya, ninyi ni vyombo tu." Kisha akaenda zake kwa sababu ya harufu.

Kipande chako nilikiuma mimi. Ulinisihi miezi, nikaona haya kukwambia, nikauma nikatuma. Fungua kitambaa chako cheupe ukitazame. Katikati ya meno utaona pengo. Ni lile la darasa la tatu, nilipoanguka kwenye ngazi ya mlango wako. Mama, umelilia pengo langu, na mate yangu umeyatia kwenye damu yako.

Kesho naondoka hapa. Nenda kwa muuguzi leo hii.

Mwanao

30 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. U hali gani? Mguu? Hata ukinitukana, nitukane kwa maandishi nijue u hai.

Nimepata chumba kimoja chenye dirisha, na kazi kwenye duka la mikate. Hapa mkate unatoka mzima na unauzwa mzima. Ila mimi siwezi kuula. Nikiutia mdomoni naiona ile ndoo.

Alfajiri sikai tena. Nimejaribu. Nikifumba macho kinywa kinajaa mate, nikivuta pumzi nasikia sauti ya Mwongozi akituhesabia pumzi. Ameniharibia, mama. Na ninaogopa kwamba mimi nimekuharibia wewe, nimekunyang'anya kitu pekee kilichokushika baba alipokufa.

Mwanao

2 Juni

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Mimi sijambo kwa kiasi cha mtu aliyetoka hospitali. Vidole viwili vimekatwa, kile kidogo na jirani yake.

Barua yako ya Machi niliichoma. Nilikaa siku nne na hasira, nikiwaambia watu binti yangu amepotoka. Siku ya tano nikafungua kitambaa. Mkate ulikuwa umeota ukungu, lakini pengo lilikuwepo. Mwanangu, vipande vya lile jino nilivitoa mdomoni mwako kwa kidole changu mwenyewe, nitalisahauje? Nilitapika mpaka nyongo. Nikaenda kwa yule binti nikichechemea. Hakunigombeza. Alisema tu, ungekuja mwezi uliopita.

Wewe ulijua Februari, ukaniandikia Machi. Nimekasirika, sikufichi, na ndiyo maana sikujibu. Nimejikasirikia na mimi pia, mtu mzima na mvi zangu. Na yule bwana anaziba pua kwa kinyaa cha uchafu alioupika mwenyewe! Nikimkumbuka natema.

Lakini hilo la kuacha kukaa alfajiri silikubali. Hata mimi niliacha, wiki tatu nzima wodini. Halafu asubuhi moja, kabla dawa hazijaletwa, nikajikuta nimekaa, mguu uko juu ya mto, navuta pumzi kama zamani. Niliogopa nitamkuta yeye. Hakuwepo. Alikuwepo Mungu, yuleyule wa siku za msiba wa baba yako, na hakuniuliza nilikuwa wapi. Mtu akikuonyesha njia ya kisimani, kisima hakiwi chake. Vidole vyangu ameshachukua. Sala yangu hapati.

Kesho uamke ukae. Kinywa kikikukera, sukutua kwanza.

Mama yako