Spika za Sebuleni

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi kimekiachia kifua chako kipumue. Huku tunasukuma siku. Mimi sijambo. Mama hajambo, na mdomo wake ndio mzima kuliko sisi wote.

Sasa, habari ya spika. Uliniagiza zile ndefu za kusimama sakafuni, zenye besi ya kutikisa vikombe kabatini, na amplifaya yenye nguvu kuliko zote dukani, ili mkataba wako ukiisha uikute sebule tayari. Nilikwenda. Muuzaji alinifungulia muziki mpaka meno yakatetemeka, kisha akanihakikishia kwamba mtaa mzima utanijua. Nikamwambia mtaa unanijua vya kutosha.

Fundi wake, bwana mmoja asiyeishiwa maneno, akadakia kwamba spika haichaguliwi dukani, huchaguliwa chumbani, na kwamba yeye hafungi chombo kwenye chumba asichokiona. Nilimpiga chenga, nikasema nyumba inapakwa rangi. Akajibu kuwa rangi haimdhuru. King'ang'anizi yule! Basi tukaongozana.

Pale sebuleni akasimama katikati na kupiga makofi, maana ndivyo wanavyopima mwangwi. Akapiga tena. Akasema chumba hiki kinameza sauti, kuna magodoro na mablanketi mengi mno. Hapo ndipo alipotazama vizuri kitandani, akashusha mikono, akaniomba radhi kwa kunong'ona.

Ndiyo, kaka, kitandani. Pale unapotaka kuweka kiti chako cha kusikilizia ndipo Baba anapolala, tangu alipoanguka na kupooza upande mmoja. Na makofi yale yalipolia, aligeuza kichwa. Sisi tulikuwa tumemwita siku kadhaa bila hata kope kutikisika.

Fundi akasema tuachane na zile kubwa, kwani ukizifungulia kidogo zinaguna tu. Akachagua spika mbili ndogo za kukaa juu ya meza, moja kila upande wa kitanda, usawa wa masikio, pamoja na amplifaya ya nguvu kidogo inayotoa sauti safi hata ikiwa chini. Nimechukua hizo. Ukitaka kukasirika, kasirika. Muziki ukianza, Baba hufuatisha mdundo kwa kidole kimoja juu ya shuka. Nafurahi kukiona, na naogopa siku kitakapotulia.

Yeye mwenyewe ndiye aliyetukataza kukwambia, wakati ulimi ulikuwa bado unamtii. Alisema utaacha kazi uje kumtazama mtu mzima akilishwa kwa kijiko. Mama alilia, mimi nikatii. Sasa hawezi hata kukataza, na daktari ametuambia tuwaite walio mbali.

Mama anakusalimu, anasema usihangaike na zawadi, ujilete mwenyewe. Majirani wanakuulizia. Salamu za Baba sina. Zote nilizokuandikia tangu alipoanguka nilizitunga mimi, hata ule utani wa upara wako uliosema umekuchekesha siku nzima. Nisamehe, kaka. Njoo upesi, wakati bado anageuza kichwa.

Ni mimi,
mdogo wako.