Mstari wa Nepia

Jumatatu, 10 Machi
Chai bila sukari. Nimemkatia ng'ombe majani ya nepia kama kawaida. Mvua haijanyesha tangu Desemba na majani yote hapa kwetu Kiamunyi yamekauka, ila mstari huu mmoja, mrefu kunipita, kijani kibichi. Fundi Kamau amekuja kupima msingi wa nyumba ya mwanangu Barasa. Kamba yake inavuka nepia pale patakapokuwa chumba cha watoto. Nimemwambia asogeze. Amecheka. "Mzee, nepia ikimea hivi, hiyo mchanga iko na nguvu."

Hajui lolote.

Jumatano, 12 Machi
Nimempigia Barasa simu. Nimemweleza kwa mpangilio: Bonde la Ufa linazidi kutanuka; chini yetu ni matabaka ya majivu ya volkeno; maji hupita humo yakiyabeba, juu likabaki ganda; mwishowe ganda huporomoka. Hakusikiliza hata nusu. "Baba, umenisahihisha tangu darasa la kwanza. Hii nyumba usiiguse na kalamu nyekundu."

Nimekasirika. Nilifundisha somo hili miaka thelathini.

Jambo lenyewe sikumwambia.

Jumamosi, 15 Machi
Barasa na mkewe wamekuja kupiga picha kwenye vigingi alivyopigilia fundi. Walipoondoka nimeng'oa viwili. Upumbavu. Fundi atavirudisha.

Jumatatu, 17 Machi
Amevirudisha. Vibarua wataanza kuchimba Ijumaa.

Basi niandike. Kiwanja hiki tulikinunua wakati wa kiangazi. Aliyetuuzia alikuwa ameziba ufa kwa mabua ya mahindi, akatandaza udongo juu. Mvua za kwanza zikaufunua. Mtu mzima angezama hadi kifuani. Mwalimu wa jiografia, ameuziwa ufa! Sikutaka walimu wenzangu wajue. Mimi na marehemu mke wangu tuliujaza mawe, matofali mabovu na takataka za nyumba, tukapanda nepia juu. Barasa alikuwa shule ya bweni. Hatukumwambia mtu.

Ninamlaumu mtoto kwa kutoona kitu nilichokificha mwenyewe.

Alhamisi, 20 Machi
Mvua. Maji yameteremka kutoka barabarani kwa kasi hadi kwenye nepia, yakaishia hapo. Upande wa pili hakuna hata kidimbwi. Nimesimama na mwavuli nikiyatazama yakizama. Nimempigia Barasa. Yuko kazini mjini. Amesema tutaongea kesho.

Kesho wanachimba.

Ijumaa, 21 Machi
Nimewatangulia. Saa moja asubuhi nilikuwa nimeshaanza kung'oa nepia kwa jembe. Mgongo unawaka hata sasa. Barasa alifika, akanifokea mbele ya vibarua kwamba ninamwaibisha. Nikaendelea kulima. Jembe likagonga bati.

Lilikuwa sanduku la Barasa la shule ya msingi. Limebondeka, lakini jina lake linasomeka kwa rangi nyeupe, herufi zangu zilizonyooka. Tulimwambia liliibwa.

Kamau akachomeka nondo ndefu ya chuma kando yake. Ikazama hadi mkono wake ukagusa udongo. "Aki mzee, hapa hakuna chini."

Nikamweleza Barasa yote, na aibu yangu pia. Akauliza swali moja tu: Mama alijua? Nikamwambia ndiye aliyebeba mawe. Akaenda kuketi ndani ya gari. Vibarua wakala chakula chao mapema.

Ningepaswa kusema miaka mingi iliyopita.

Jumanne, 1 Aprili
Manyunyu tangu asubuhi. Vigingi vimesogezwa hatua ishirini upande wa juu, na Kamau amechomeka nondo kila pembe kabla ya kufunga kamba. Barasa hasemi mengi nami. Sanduku ameliosha, ameliweka kibarazani. Sijamuuliza sababu.

Alasiri tumeufuata ufa, yeye mbele, hadi kwenye ua wa jirani yetu Mama Njeri. Kwake pia kuna nepia. Mstari mmoja, mwembamba, umenyooka sawasawa na wetu. Katika miaka yote hii sikuwahi kumuuliza kwa nini ameipanda hivyo, naye hakuniuliza. Langoni kwake kuna ubao mpya: kiwanja kinauzwa.

Barasa ameniangalia.

Nimevua kofia, nikapiga hodi.