Wifi yangu, vitone na mkono wa fundi

Mshauri mpendwa, naomba unisikilize, maana nimekwama kati ya udugu na haki. Naandika vitabu vya maelekezo katika kiwanda cha mashine za kufulia zinazotumia mvuke, na anayepanga kurasa zangu ni wifi yangu, ndiye aliyenitafutia kazi hii, sasa mimi niliandika hatua za kusafisha mashine kwa namba, moja chini ya nyingine, zima, toa mvuke, fungua kifuniko, sugua, nikaenda likizo ya uzazi, huku nyuma wifi akaona namba zinachosha macho, akaweka vitone na kugawa hatua safu mbili, zima na toa mvuke kushoto, fungua kifuniko na sugua kulia, kitabu kikachapwa, basi fundi wetu mgeni akasoma kushoto kwenda kulia kama mtu yeyote, akazima, akafungua kifuniko, mvuke ukambabua mkono hadi kwenye kiwiko, na meneja anasema ni uzembe wa fundi, Ijumaa anamwachisha kazi, nikimgusia wifi anasema, “Yaliyopita si ndwele, mkono utapona,” na mume wangu anasema nisimwanike dada yake, nami hadi leo sijamwambia meneja. Nifanyeje?

Mwandishi mwenye mtoto mchanga

*

Mwandishi, pole, ingawa pole kubwa ni ya fundi.

Wifi yako hana roho mbaya, alipanga ukurasa kama anavyopanga sebule. Vitone vinafaa pale unapoweza kuanzia popote, kama vipuri vilivyomo kwenye boksi. Hatua zinazofuatana zinataka namba, safu moja, tendo moja kwa kila namba, na onyo la mvuke likae kabla ya kifuniko. Hayo unayajua. Usilotaka kulijua ni kwamba kimya chako kinamfukuza mtu kazi. Na yaliyopita si ndwele ni maneno ya aliyeumia, aliyeumiza hana ruhusa ya kuyasema.

Leo mwambie wifi, mumeo akisikia: “Kesho naenda kwa meneja, twende wote.” Akikataa, usigombane naye, nenda. Mpe meneja ukurasa asome kwa sauti, naye ataanza kushoto aende kulia. Wifi akinuna, atanuna. Utamwalika kumwona mtoto, atakuja.

Lakini kabla ya meneja, kabla hata ya wifi, wapigie simu wateja wote wenye kitabu hicho. Kuna mtu sasa hivi amesimama mbele ya mashine, ameufungua ukurasa huo.