Kitanda cha Kupandia Mkaratusi

Jumamosi, 3 Mei 1986

Wamekuja tena. Mistari miwili ya mahindi, chini yote. Hawali tu, wanagaragara juu yake. Nimeangalia nyayo. Nguruwe pori wanne, labda watano. Mmoja mkubwa, kwato yake kama kikombe cha chai.

Mzee Byabato amepita asubuhi. Ameangalia, amekohoa, ameenda. Maneno yake nayajua tangu aliponionyesha hii sehemu ya bondeni wakati wa kupanda: ukivuna, sehemu ni yako, utajenga. Ukishindwa, napanda mikaratusi mpaka kwenye maji. Miaka minne namfanyia kazi, nalala kwenye banda lake la kahawa. Sijawahi kuwa na sehemu yangu hata ya kuzikia panya.

Mahindi yanataka wiki tatu tu. Wiki tatu!

Ulingo wa miti niliojenga mwezi wa tatu, mchwa wamekula miguu. Na miti ya pale ni mikaratusi mitupu, imenyooka, haina hata tawi la kukalia. Jumatatu naenda Kimuli kwa Zubeiri. Alisema ile mashine ya kupandia mti itakuwa tayari.

Jumatatu, 5 Mei

Nimefika nayo! Shingo imekufa.

Niandike vizuri nisisahau. Zubeiri ni fundi baiskeli. Zamani alikuwa utingo kwenye gari la wazungu wawindaji, akaona wanapanda mti kwa kiti. Alinichorea chini na kijiti. Mimi nikamlimia kiwanja chake cha nyuma siku tatu, yeye akatengeneza. Amekata kitanda cha chuma kilichovunjika, vipande viwili. Cha juu cha kukalia, cha chini cha kukanyagia. Kila kipande kina mkono wa chuma unakumbatia mti, ndani umevalishwa mpira wa tairi. Ukiweka uzito, kinauma mti. Unakaa, unainua cha chini kwa miguu. Unasimama, unainua cha juu kwa mikono. Unakwenda hivyo mpaka juu, kama kiwavi.

Zubeiri amesema nguruwe hamgusi, hamli, na wiki hii ya kusubiri mwezi wa Ramadhani hata jina lake nisimtajie pale kwenye duka. Lakini chuma hakina dhambi. Akakipiga ngumi nione ugumu. Akaumia. Akajifanya hajaumia.

Njia nzima watu! Nina ngata ya majani ya mgomba, chuma juu, na kila mtu anaona kitanda. Mwanamume kijana akibeba kitanda, anaoa. Wamama wa kisimani wakauliza bibi harusi ni wa nani. Nikaangalia chini. Wakasema ona, ana haya, basi ni kweli. Kufika huku Nyakatuntu habari imenitangulia. Mama Anonciata, jirani, akaja kukiona. Akakizunguka mara mbili. Akasema mwanamke wa kulala hapa awe mwembamba sana. Binti yake Mukantabana alikuwa nyuma, anacheka na kanga mdomoni.

Nimeingia ndani nikafunga mlango.

Jumanne, 6 Mei

Nimejaribu kwenye mkaratusi wa nyuma ya banda. Mara ya kwanza nimepanda hatua tatu, nimeshuka zote kwa mara moja pamoja na gome. Lile gome linabanduka. Lazima ulitoe kwanza na panga. Tumbo limechubuka.

Mara ya pili – juu kama nyumba mbili! Nimeona bati la kanisa. Nimeona mzee Byabato anachimba dawa kwenye migomba. Nikafumba macho.

Jioni nimeenda kwa mjomba Mbonimpa kuomba upinde. Ukoo wa mama ni wawindaji tangu huko walikotoka. Amenipa upinde na mishale minne, na mwiko wake. Mwenye upinde akiulizwa njiani unaenda wapi, siku imeharibika. Asijibu, asidanganye, arudi nyumbani. Nikivunja, upinde unarudi kwake siku hiyo hiyo.

Nikasema ndiyo mjomba. Rahisi. Hapa kila mtu anajua, akiona upinde anakupisha kimya.

Jumatano, 7 Mei

Nimeulizwa. Protase wa kwaya, alikuwa kwenye baiskeli: Polikarpi, kitanda unakipeleka wapi?

Nimerudi.

Alhamisi, 8 Mei

Sikukuu ya Kupaa. Kanisa limejaa. Baada ya misa nimesubiri watu waishe njiani, nikatoka saa tisa. Nimebeba upinde mbele kabisa, ubavuni, uonekane. Hakuna anayeuona! Macho yote kwenye chuma. Kwenye njia panda wameniuliza watu watatu kwa pamoja. Mmoja akanifuata ili aulize vizuri.

Nimerudi. Mukantabana anapepeta maharage kwao, akasema taratibu lakini nisikie: leo Bwana amepaa, Polikarpi bado yuko chini.

Nimecheka pia. Nikiwa ndani.

Ijumaa, 9 Mei

Mstari wa tatu wameumaliza. Na nusu ya wa nne.

Leo nimezunguka kwenye matete, pasipo na njia, pasipo na watu. Chuma kinanasa kwenye kila tete. Tope magotini. Ndala moja imebaki huko, isamehewe. Nimetembea nusu siku. Natokea kwenye majani marefu, karibu kabisa na shamba langu, naona mikaratusi yangu pale – bibi Kantengwa anakata ukindu.

Akasema: "Waitu, mwanangu, na kitanda hicho unaenda wapi kwenye maji?"

Nimemwamkia. Akanipa kiazi cha kuchoma, maana alinihurumia. Nimerudi nakula kiazi.

Jumamosi, 10 Mei

Mukantabana alikuja kuomba kaa la moto. Kwao moto haujawahi kuzimika, najua. Akauliza mbona kila siku natembeza kitanda halafu nakirudisha, kinaumwa?

Sijui imekuwaje, nimemwambia yote. Nguruwe, sehemu, upinde, mwiko, Protase, kiazi. Sijawahi kusema mengi hivyo kwa mtu mmoja. Alisikiliza mpaka kaa likazima. Akafikiri.

Akasema: "Kaka Polikarpi, kwani kitanda na upinde lazima viende siku moja?"

Nimeangalia kitanda, nimeangalia upinde. 

Nimekimbia kwa mjomba kuuliza kama inaruhusiwa. Mjomba alikuna kichwa. Akasema bila upinde si mwindaji, ni mtu amebeba chuma, aulizwe mpaka wachoke. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka mke wake akamletea maji. Siku tatu nimerudi bure! Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, mjomba anaitwa fundi wa porini, na hakuna aliyeliona.

Mimi na Mukantabana tumekipeleka leo mchana, yeye kipande cha chini, mimi cha juu. Wameuliza wote. Alijibu kila mtu lake. Protase kaambiwa kinaenda kwa fundi. Bibi Kantengwa kaambiwa tunaenda kumlaza nguruwe. Wa njia panda wakauliza ndiyo bibi harusi mwenyewe huyu?  Hapo alitazama mbele tu, anatembea. Nami nikatembea.

Tumekifunga kwenye mkaratusi wa tatu kutoka majini, kwa mnyororo wa baiskeli. Nimemwonyesha kupanda. Aliniambia miguu yangu inafanana na ya kiwavi kweli.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya misa, na upinde peke yake. Hakuna aliyeuliza! Protase ameshuka kwenye baiskeli akanipisha, kichwa chini, kama vile hanijui. Tamu sana hiyo.

Nimetoa gome, nimepanda, nimekaa. Kiti kinauma matako, Zubeiri hakufikiria hilo. Nimeona mengi. Kanga wa porini na watoto wake. Njia ya nguruwe kwenye matete, nyeusi, inaonekana kama barabara ukiwa juu, na chini huioni. Wao wenyewe hawakutoka. Mvua imenifukuza.

Lakini najua sasa watatokea wapi.

Jumatatu, 12 Mei

Naandika niko juu ya mti. Daftari lilikuwa ndani ya shati. Jua bado lipo. Naandika nijitulize.

Nimepanda saa kumi. Baada ya saa moja wamekuja watu. Mzee Byabato na Rwegoshora wa miche, Rwegoshora kabeba kamba na vigingi. Hawakuangalia juu. Nani anaangalia juu? Wakaanza kupima. Kigingi cha kwanza kimeingia katikati ya mahindi yangu. Mzee akasema haya mahindi hayafiki. Akasema kijana ni mzuri wa kazi ila hana neno mdomoni, na mtu asiye na neno atalindaje shamba. Rwegoshora akasema miche ikichelewa, mvua inakwisha. Kigingi cha pili.

Nikasema shikamoo.

Rwegoshora akaangusha vigingi vyote. Mzee akaitikia marahaba kabla hajajua anamwitikia nani. Akageuka kushoto, akageuka kulia, akaangalia kwenye mahindi. Mwisho akainua kichwa. Nyayo zangu ziko juu ya kofia yake.

Sijui maneno yametoka wapi. Nikasema: "Mzee, ulisema nikivuna. Hatujafika kuvuna."

Alitafuna mdomo. Akazunguka mti, akagusa ule mkono wa chuma, akagusa mpira. Akauliza kama ndicho kitanda cha harusi wanachosema. Nikasema ndicho. Rwegoshora alicheka, mzee hakucheka.

Akasema: "Haya. Hao nguruwe nataka niwaone. Wakitoka leo ukampiga mmoja, Rwegoshora anang'oa vigingi. Wasipotoka, au ukakosa, vinabaki."

Akakaa hapo hapo, mgongo kwenye mti wangu. Akikohoa, kiti kinatikisika. Rwegoshora yuko nyuma ya magogo, kajifunika koti kichwani. Mshale uko kwenye kamba. Nimebaki na mitatu.

Sasa kuna jambo. Mzee kawasha kiko.

Upepo umelala, lakini moshi una miguu. Umepita puani kwangu, umeshuka kwenye mahindi, unatambaa kwenda kwenye matete. Wakisikia tumbaku hawatoki leo wala kesho. Yeye haoni. Anavuta macho yamefumba, ametulia kabisa, kama yuko mlangoni kwake.

Ng'ambo matete yametikisika. Yamesimama. Wananusa.

Miaka minne, mpaka leo, neno nililomwambia mzee huyu ni ndiyo tu.

Matete kimya bado.

Nimemwambia. Kwa sauti ndogo, bila kuinama: "Mzee, zima hicho kiko."

 Rwegoshora katoa kichwa kwenye koti, ananiangalia kama mtu aliyeangusha chungu cha wenyewe.

Nasikia mzee anakigonga. Taratibu, kwenye soli ya kiatu. Mara moja, mara mbili. Moshi umekatika.

Matete yametikisika tena, karibu zaidi, kwenye ile njia nyeusi. Mzee kaweka mkono mdomoni asikohoe. Naweka kalamu –