Nguo Zilikukaa Vizuri Hadi Mwisho

Mwaka umetimia, Nusu Inchi, tangu ututoke, na hadi leo hatujaamini. Asubuhi ulikunywa uji ukamtania mkeo kwamba hajui kupiga kola pasi. Kesho yake tukaambiwa umekwenda.

Ulikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na miwili. Mtu akikusalimia ulimtazama mabega kabla ya uso. Wateja walikupa jina hilo kwa sababu kila nguo, hata iliyokaa sawasawa, wewe uliona inafaa kupunguzwa nusu inchi. Watoto wa yule mjane wa mtaa wa nyuma uliwashonea sare, ukadai ni vitambaa vilivyobaki. Tulijua umevinunua.

Saratani ya kongosho ilipogunduliwa, ulipasuliwa. Madaktari wakasema wametoa yote waliyoyaona, na kwamba dripu kumi na mbili za dawa ya saratani, moja kila wiki mbili, ni za kumaliza masalia. Ulitukataza kukusindikiza, ati viti ni vya wagonjwa. Ukirudi ulituambia mizani haijasogea. Nasi tulikutazama tukaridhika, maana nguo zilikukaa kama siku zote. Hata dada yako, ambaye hapitwi na jambo, alisema umenawiri.

Baada ya dripu ya tisa homa ilikupanda. Ukasema ni uchovu tu, ukajifunika shuka, tukakuacha ulale. Tulipokufikisha hospitali ilikuwa kesho yake asubuhi, na hukuimaliza siku. Daktari alisema homa ile ilitaka kukimbiziwa hospitali saa ileile, kwa mwili uliodhoofika vile. Kisha akamuuliza binti yako, bila ukali, "Amepungua kilo kumi na nne. Nyumbani hamkuona?"

Tulibishana naye. Tulidhani amekamata faili la mtu mwingine.

Wiki moja baada ya maziko, mwanao mkubwa, mliyekuwa mkiazimana suti, alijaribu koti lako. Vifungo havikufika. Suruali ikakwama mapajani. Mkeo akaigeuza ndani nje, akakuta mistari minne ya mishono, mmoja ndani ya mwingine, yote imenyooka. Ulikuwa ukizibana nguo zako wakati sisi tuko kazini.

Alikaa chini sakafuni nayo. "Tungekubeba, mwanamume wewe," akasema. "Tungekubeba."

Tumekukasirikia, tukakusamehe, na siku nyingine hasira inaanza upya. Ulitaka tulale usingizi, tunajua. Tulilala kweli, na hilo ndilo linalotuumiza.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, dada yako, wajukuu zako, na mafundi wenzako wa vyumba vya jirani ambao bado wanazozana nani arithi mkasi wako mkubwa.

Siku hizi tukikutana hatuyaamini macho. Tunakumbatiana kwa nguvu, mpaka kila mmoja azihisi mbavu za mwenzake, ndipo tunaketi.

Tutakukumbuka maisha yetu yote.